Ndege ya Ghorofani

Mkoba wa kushika mkononi haufai kupangwa na mtu anayesafiri. Nimelisema hili mara nyingi hapa Mkomani, na wanaoniletea mikoba yao kila msimu wa Hija wamechoka kulisikia, lakini nitalisema tena. Anayesafiri anafikiria anakokwenda. Mkoba unataka mtu wa kufikiria ile saa ambayo mtoto ameanza kulia, mama ana mkono mmoja tu ulio huru, na abiria wa kiti cha pili ameshaanza kuguna. Mtu huyo ni yule anayebaki. Mimi nimebaki maisha yangu yote. Ndege sijaipanda hata mara moja, wala sina hamu nayo. Lakini nipe mtoto mchanga, mama yake na safari ya kutwa nzima angani, nitakupangia mkoba ambao hutaujutia. Ufundi huo niliupata mwaka wa sitini na sita, nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, na sikuupata kwa kupenda.

Yote haya yamenirudia kwa sababu ya Salma. Dada yangu Mwanaesha, mama yake, alifariki huko Uingereza, na miezi michache baadaye Salma akasema anakuja Lamu ili tumlilie pamoja. Nilikwenda mwenyewe gatini kumpokea. Boti ilipofika kutoka uwanja wa Manda, akashuka mama mtu mzima, nywele zimeingia mvi, miwani imefungwa kamba shingoni. Akanipa mkono. Mkono mtupu, mbele, kwa adabu, vile anavyopewa afisa au daktari. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Wewe ndiye mama mdogo Zena?" Nikamwambia, "Ndiye. Na wewe ndiwe uliyenikojolea miaka miwili mfululizo." Akacheka, mimi nikacheka, lakini ule mkono ulinichoma. Kuna mtu aliyewahi kuutabiri mkono ule, na ulipofika kwangu nilihisi kwamba umekosea mlango. Tulipanda nyumbani polepole, yeye akiangalia kila ukuta na kuniuliza hii ni nini na ile ni nini, mimi nikijibu na huku nikiutazama mkoba wake wa begani. Jinsi ulivyokaa, ulikuwa umepangwa na mtu anayejua.

Mambo ya ukoo nayaruka. Wanaoyajua wanayajua, na wasioyajua hawatapungukiwa kitu. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nyumbani tulikuwa Mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Rukia, dada yangu Mwanaesha, wanawe wawili, na mimi. Mume wa Mwanaesha, shemeji yangu Omari, alikuwa amekwenda Uingereza kusoma, akamaliza, akapata kazi katika maabara ya hospitali. Tuliishi ghorofani, katika ule msana wetu, chumba kirefu chembamba ambacho ukutani kina zidaka, vile vishubaka vya kuwekea sahani za kaure na vitabu. Mwishoni mwa chumba palikuwa na viti viwili vya enzi, vya mpingo, vyenye mgongo wa kusuka. Hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia isipokuwa wanaume waliokuja kwa ajili ya ndoa au msiba. Sisi wengine tulikaa mkekani au kitandani. Asubuhi chumba kilinuka udi wa jana na chai ya tangawizi, na mchana kilinuka chochote kilichokuwa kikipikwa juu darini, kwa sababu harufu ya jikoni kwetu hushuka ngazi kabla ya chakula chenyewe.

Hamadi alikuwa na miaka mitano na maswali kumi kwa kila pumzi. Salma alikuwa bado kutimiza miaka miwili, mnene, mkaidi, mwenye kicheko cha tumboni, na nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Sijui njia nyingine ya kulisema. Alilala kati yangu na Mama. Mama, kama wanawake wa rika lake, alikuwa ametogwa masikio tangu usichana na ndewe zikapanuliwa taratibu, na humo alivaa majasi ya fedha, mapambo ya duara yenye upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Salma hakulala mpaka ashike jasi. Hakuna aliyemfundisha. Alipanda kifuani kwa Mama, akaupeleka mkono kwenye sikio la kushoto, siku zote la kushoto, akasugua lile duara kwa kidole gumba, macho yakalegea, basi. Siku Mama alipokwenda harusini, nyumba nzima ilikesha. Mama alijidai kuchoshwa. "Huyu mwana atanitoa shikio," alikuwa akisema, na huku amelala kwa ubavu wa kulia ili sikio la kushoto liwe juu.

Kisha tikiti zikaja. Wakala alizituma kutoka Mombasa pamoja na mkoba mmoja wa buluu, wa plastiki ngumu, wenye mkanda mweupe, ambao shirika la ndege lilimpa kila abiria aliyelipa. Omari alisema waje wote watatu kabla ya baridi kuanza. Mama aliushika ule mkoba, akaufungua, akaunusa, akaingiza mkono hadi kiwiko. "Hichi ni cha kutilia nini?" aliuliza. "Kuku mmoya haingii."

Akaanza kuupanga yeye mwenyewe, kwa njia aliyoijua, na njia aliyoijua ilikuwa ya baharini. Maana sisi tumezaliwa na safari, lakini safari zetu ni za chombo: unabeba maji yako, kuni zako, chungu chako, kamba ya kumfungia mtoto asitumbukie, na chakula cha siku mbili zaidi ya unazozitarajia, kwa sababu upepo hauna ahadi. Basi pakaletwa dumu la maji. Pakaletwa tende, mkate wa mofa, sufuria ndogo, kibiriti, na kamba. Na juu ya hayo wakaja majirani. Kwetu mtu akisafiri kila nyumba ina amana ya kumpa ampelekee mtu wake, na kuikataa amana ya jirani ni kama kumfungia mlango. Huyu alileta achari ya maembe, yule halua, yule ubani na udi. Bi Khadija wa nyumba ya pili, ambaye nyumba yake na yetu zinashikana kwa wikio, kile chumba cha daraja juu ya ujia, alileta papa mkavu mzima wa kumpelekea mpwa wake aliye Ulaya. Tulipomuuliza Ulaya ipi, alisema Ulaya hiyo hiyo, Mwanaesha akiuliza ataonyeshwa.

Sista Nduku ndiye aliyetukatiza. Alikuwa muuguzi, Mkamba, Mkristo, aliyeletwa na serikali kwenye hospitali ya hapa, na alikuwa amepanga chumba chetu cha chini. Jioni alipanda kunywa chai na kupumzika, bado akiwa na sare yake. Yeye alikuwa ameshapanda ndege, alipopelekwa Uingereza kusomea ukunga, na kwa hiyo maneno yake kuhusu jambo hilo yalikuwa mazito kuliko ya mtu yeyote aliyetuzunguka. Alipoingia na kuona ule mkoba wa buluu, na kando yake vikapu viwili, dumu, na mkia wa papa umetokeza, alikaa kwanza.

"Mama," alimwambia Mama, "na huyu samaki, atapanda ndege kweli?"

"Akataliwe kwa lipi? Si amekauka?"

"Amekauka, lakini ananuka. Watu watataka kushuka, na huko hakuna pa kushukia."

Mwanaesha alicheka hadi akajifunika uso kwa leso. Sista akatueleza, kikombe mkononi. Sanduku kubwa linaingia tumboni mwa ndege na hulioni tena mpaka mwisho. Unabaki na mkoba mmoja tu, chini ya miguu. Maji yapo, choo kipo, chakula kinaletwa na msichana kwenye sinia. Dirisha halifunguki. Mtoto wa umri wa Salma hana kiti, anapakatwa. Na ndege ikianza kushuka masikio yanauma, watoto wanalia, kwa hiyo awe na kitu cha kufyonza.

"Mashikio," alisema Mama, kana kwamba amepokea habari za uadui. "Na mama yao akiwa pekee, wote wawili wakilia?"

Sista Nduku hakuwa mtu wa kudanganya. Alisema alimwona mama mmoja wa hivyo, kwenye safari yake, peke yake na wawili. "Mwisho alilia yeye kuliko watoto," alisema.

Mama akaweka kikombe chini. "Basi Salma hendi," alisema.

Siku zilizofuata nilizisikia zaidi kuliko kuziona, kwa sababu nilikuwa darini nikipika na wao walikuwa chini wakizozana kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wasiotaka mtaa usikie. Ukuta wa nyumba zetu ni mnene lakini ngazi ni bomba. Mama alisema Hamadi na aende, ana akili zake, ataikumbuka nti yake. "Lakini huyu akenda sasa hatoniyua. Atakuya mtu mzima, anipe mkono kama mgeni." Kisha nikamsikia Mwanaesha akisema, "Na nikimwata, hatoniyua mimi." Niliacha mwiko ndani ya chungu. Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na mtoto alikuwa mmoja. Mimi nilikuwa upande wa Mama na sikuficha. Wakati wa kula nilisema waziwazi kwamba Salma abaki, mimi nitamlea, nitamfulia, nitampeleka chuoni kusoma Kurani. Mwanaesha aliniangalia tu, akaendelea kummenyea Hamadi yai.

Ni Mwanaesha aliyelipata lile wazo, na lilimtoka kwa hasira. "Wasema siwezi, Mama. Umeniona wapi nikishindwa? Nipe kutwa moya, nikae papa hapa na wanangu wawili na mkoba huo mmoya. Nikiinuka kutaka kitu cha nyumba hii, Salma ni wako." Nilidhani Mama atamfokea. Badala yake akamtazama binti yake kwa muda mrefu, nikaona anapendezwa, kwa sababu Mama alipenda jambo linaloonekana kwa macho. "Haya," alisema. "Na tuione hiyo ndege." Kisha akanigeukia mimi. "Na Zena ndiye atakayepanga mkoba. Yeye ataka mwana abaki kama mimi. Akipanga yeye, hapana atakayesema umependelewa."

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Nilikaa na ule mkoba wa buluu karibu wiki nzima. Kila nilipofikiri kwamba mkoba mbovu ungenibakishia mtoto, nilimwona Salma kwenye kiti kile, amelowa, hana nguo kavu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuongeza nepi. Huwezi kumpenda mtoto na kumpangia vibaya. Nilijaribu kila kitu juu yake. Nilipima kwa macho peremende inamnyamazisha muda gani, tende muda gani, vigurudumu vitupu vya uzi wa cherehani vilivyotungwa kwenye utepe muda gani. Papa nilimrudishia Bi Khadija kwa maneno matamu, na achari ikaingia sanduku kubwa. Tatizo lilikuwa mkono. Mwanaesha angekuwa amempakata Salma kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine angekuwa akipekua mkoba ulio miguuni asiouona. Nikakata vitambaa vya aina mbalimbali, nikafunga kila kitu kifurushi chake: nguo kavu ndani ya leso kuukuu iliyolainika, chakula ndani ya kikoi kinachokwaruza, dawa na pini ndani ya hariri inayoteleza, vya kuchezea ndani ya kitambaa chenye mafundo mawili. Nilimfunga Mwanaesha macho nikamwambia, nitolee nepi. Akatoa nepi. Nitolee peremende. Akatoa peremende. Tuliangaliana tukacheka, kisha nikakumbuka ninachokifanya na kicheko kikanikauka.

Ndege iliruka asubuhi baada ya chai. Vile viti viwili vya enzi vilisogezwa bega kwa bega, vikageuzwa kuutazama ukuta wa zidaka. Mwanaesha akakaa kimoja, na Salma mapajani. Hamadi akakaa cha pili, miguu ikining'inia, na kwa furaha ya kukalia kiti kile alinyamaza muda ambao hajapata kunyamaza maishani. Sista Nduku, aliyekuwa na siku ya mapumziko, alivaa sare yake iliyopigwa pasi na kuwa msichana wa sinia. Mimi niliwekwa kando ya mlango nisifanye lolote. Mama alikaa mkekani kwenye kona, tasbihi mkononi, akiwa hakimu. Wanawake wa mtaa walipanda mmoja mmoja kwa visingizio, huyu anaomba chumvi, yule amepoteza kuku.

"Dirisha ni lipi?" aliuliza Hamadi. Sista akamwonyesha kidaka chenye bakuli la kaure. "Naona mawingu," alisema Hamadi, na Bi Khadija aliyekuwa mlangoni akachungulia kidaka naye.

Niseme ukweli, Mwanaesha aliniua kwa jinsi alivyoweza. Salma alilowa, akabadilishwa mapajani, nepi chafu ikafungwa kwenye kitambaa chake bila harufu kutoka. Hamadi alimwaga maji, leso kuukuu ikayafuta. Sista alipoleta sinia, Mwanaesha aliuliza nyama imechinjwa na nani, Sista akajibu kwamba hajui, Mwanaesha akaisukuma kwa adabu na kufungua kifurushi cha kikoi: mkate wa sinia, mayai, ndizi mbivu. Niliona kichwa cha Mama kikitikisika kidogo kuafiki. Adhuhuri ilipoingia Mwanaesha alisali akiwa kitini, na Salma akimvuta mtandio. Sista akatangaza kwamba tumepita Sudani. Wanawake wakapeana habari ngazini kwamba wamepita Sudani.

Kisha ukafika wakati wa usingizi wa mchana. Salma alisugua macho. Akakigeuza kichwa huku na huku akitafuta, akanyoosha mkono kuelekea kona ya mkeka. Mwanaesha akampa chupa, akaitupa. Akampa peremende, akaitema. Akampa vigurudumu vya uzi, tende, akaimba, akampulizia usoni. Akaliinamisha sikio lake mwenyewe, lenye kipini chembamba cha dhahabu. Salma akaligusa, akagundua kwamba ni uongo, akalisukuma. Hapo ndipo alipoanza kulia hasa, kile kilio cha kujipinda mgongo na kuishiwa pumzi, na hakikuwa na mwisho. Hamadi naye akaanza, kwa kumhurumia dadake. Kutoka wikioni sauti ikauliza nani amefariki. Sista Nduku aliacha kuwa msichana wa sinia. Alisimama tu, mikono imeshika aproni. Nilitazama mkoba pale chini, nikajua kwamba nimepanga kila kitu duniani isipokuwa kile kimoja, na kwamba kile hakikuwa changu kukipanga. Machozi yakaanza kumtoka Mwanaesha, kimya, yakishukia kwenye nywele za mtoto. Alikuwa amekuwa yule mama wa ndege ya Sista.

Mama alikuwa ameshinda. Kilichobaki ni yeye kukaa pale alipo. Niliyaona mato yake, yaani macho, nisamehewe kusema kama yeye, yako kwenye tasbihi na vidole havisogei. Nilimwomba Mungu Mama asiinuke, nikamwomba Mungu ainuke, vyote viwili kwa pumzi moja. Salma akalia hadi sauti ikapasuka. Mama akaiweka tasbihi chini, akainua mkono wa kushoto, akaanza kulizungusha jasi sikioni taratibu, maana lilikuwa halijatoka siku nyingi. Akasimama, akatembea kuelekea viti.

"Bibi, hapa ni angani," alisema Hamadi kupitia machozi. "Utaanguka."

"Niate nianguke," alisema Mama.

Akaufungua mkono wa Salma kidole kwa kidole, akalitia jasi kiganjani, akaufunga. Salma akalitazama. Akamtazama Mama, na ile ndewe iliyokuwa imening'inia tupu, ndefu, ya ajabu. Akalitia mdomoni, akalitoa, akalisugua kwa kidole gumba. Kwikwi zikapungua, zikawa moja moja, kisha kichwa kikaangukia kwenye kifua cha mama yake. Mama alirudi kwenye mkeka na kukaa, mgongo kwetu.

"Zena," alisema bila kugeuka. "Hili hukulitia mkobani."

"Sikuwa na ruhusa, Mama."

"Sasa unayo."

Waliondoka mwezi uliofuata. Barabara haikuwa salama mwaka ule, wakapita baharini hadi Mombasa, kisha gari moshi hadi Nairobi. Jasi nililifungia utepe na kuliweka peke yake, katika mfuko wa pembeni, ili lipatikane bila kupekua. Mama hakushuka gatini. Niliporudi, uso umenivimba, nilimkuta amekaa kwenye kiti kimoja cha enzi, yeye ambaye hakuwahi kuvikalia, akikitazama kidaka chenye bakuli. Nikakaa kile cha pili. Tulikaa hivyo mpaka akasema chai imepoa.

Sikio la kushoto hakulivisha tena. Wanawake walimtania kwamba amezeeka upande mmoja. Akawajibu kwamba upande wa pili umesafiri. Na kila aliyekuja kutoka Uingereza, awe mwanafunzi, awe baharia, awe nani, alipandishwa ghorofani, akapewa kahawa, akaulizwa kama jasi lipo. Mwanaesha aliletewa swali hilo kwa miaka mingi na jibu lake lilikuwa moja: lipo. Yeye mwenyewe alikuja mara mbili, peke yake, watoto wakiwa shule, kisha kazini, kisha na watoto wao. Mara ya kwanza Mama alikuwa hai, na swali lilikuwa lile lile hata kabla ya kuvua viatu. Mara ya pili tulikwenda pamoja makaburini.

Sasa Salma alikuwa amekaa msanani mwangu, kwenye kiti kimoja cha enzi kilichobaki, akifungua mkoba wake kunitolea zawadi. Nikaona vifurushi. Dawa zake ndani ya hariri. Nguo ndani ya pamba laini. Kitu chenye mafundo mawili. Nilimuuliza nani amekufundisha, akashangaa, akasema si ndivyo watu wote wanavyopanga? Mama alipanga hivyo. Nikasema, "Na jasi liko kifurushi kipi?"

Salma akavua miwani, akaisafisha. Kisha akanieleza, Kiswahili kikimwishia njiani na kuanza tena, kwamba jasi halikufika. Lilipotea siku ile ile, waliposhuka mahali pa kwanza kutia mafuta. Lilimponyoka usingizini likaingia chini ya viti. Mama yake alitambaa sakafuni na buibui lake, abiria wakasimama wote kutafuta, msichana wa sinia akapiga magoti na tochi. Halikuonekana. "Mama alisema, usimwambie mtu wa Lamu hata mmoja," alisema Salma. "Mpaka Bibi afe. Na Bibi alipokufa, akasema, mpaka nife mimi mama yako." Nilimuuliza basi ulilalaje huko, wewe uliyetukesha sote. Akasema hajui. Hakumbuki jasi, hakumbuki chumba hiki, hamkumbuki Bibi hata sura. "Nisamehe, mama mdogo," alisema. "Nimejaribu."

Nilicheka hadi nikalia, au kinyume chake. Miaka yote ile, kahawa yote ile, mabaharia wote wale. Nikamwambia hakuna cha kusamehe, alikuwa mtoto, na alale kidogo wakati wali unaiva, maana amesafiri siku mbili na macho yamemwingia ndani. Akajinyoosha kitandani, akaweka kichwa pajani pangu, mtu mzima na mvi zake, kwa uchovu tu. Nilikuwa nikimweleza Bi Khadija alikuwa nani, na papa wake, na nadhani hakuwa akisikia tena. Mkono wake ukainuka. Haukutafuta. Ulikwenda moja kwa moja kwenye sikio langu la kushoto, ukaishika ndewe kati ya vidole viwili, na kidole gumba kikaanza kusugua, taratibu, mahali ambapo mimi sijawahi kuvaa jasi. Nikanyamaza katikati ya neno. Pumzi zake zikawa ndefu.

Nililia, na sioni haya kulisema. Nilitamani Mama angekuwa pale kwenye kona ya mkeka. Adhana ya alasiri ikaanza, msikiti wa kwanza, kisha wa pili, na wali ulikuwa ukiungua juu, naunusa. Mimi si mtu wa kuchelewesha sala. Lakini siku ile sikuinuka. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, na mtoto ndiyo kwanza alikuwa amelala.